Shina la Ziada Katika Mstari wa Kiptum

Kapkatet, 14 Januari 2024

Mjomba Robert,

Chamgei, nakusalimu kwa lugha ya Baba, wewe uliye kwenye joto la Voi. Huku baridi ya asubuhi imetukaza mpaka ng'ombe wanagoma kutoka zizini. Goti la Mama linamsumbua lakini kanisani hakosi, na bado anaimba kwa sauti inayomfunika mwenye kipaza sauti. Baba yuko, na ukali wake uko. Punda wetu Chifu alimuuma mtu wa bodaboda wiki jana, na mimi ndiye nilitumwa kuomba msamaha.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu lazima nipige kelele, wewe na masikio yako yaliyoharibiwa na mashine za kukata chuma. Na katika nyumba hii ukipiga kelele, jambo lako linafika sokoni Chepilat kabla halijafika Voi. Hili sitaki lisikike.

Ni habari ya ndugu yangu Kiptum. Unajua jina hilo halitajwi hapa. Tangu Mama aachishwe kazi ya kuchuma majani kule shamba la kampuni kwa sababu ya zile mashine za kuchuma chai, halafu Kiptum akaenda kuajiriwa kuendesha mashine hizo hizo, Baba alisema hawezi kulala boma moja na mtu anayekula jasho la mama yake. Alimfukuza, akafunga nyumba ya Kiptum kwa kufuli, na ufunguo wenye uzi mwekundu anatembea nao kwenye mfuko wa koti. Ni mwaka wa pili sasa. Laini ya Kiptum haipatikani.

Sasa sikia. Siku ya Krismasi, watu wakila, Baba alitangaza kwamba mwaka huu tulioanza sasa ukiisha ile nyumba itavunjwa, mabati yaezekwe kwenye banda la ndama. "Haina mwenyewe," akasema. Mama aliinuka akaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa na kitu. Mjomba, nyumba ya kijana ikishavunjwa, huyo kijana atarudi wapi?

Nimefikiria kitu. Unakumbuka ule mchezo ulioleta hapa, mkawa mnazunguka Kericho Jumamosi na Kiptum, simu mkononi, mkitafuta vikopo vilivyofichwa na watu msiowajua? Ile ramani ya mchezo kwenye simu, Kiptum hawezi kukaa bila kuifungua. Popote alipo, najua anaangalia upande wa nyumbani. Nataka kuficha kimoja hapa shambani, nikipe jina ambalo yeye tu atalielewa. Nifundishe kutengeneza chombo ambacho Baba hatakiona.

Usichelewe kujibu.

Mpwa wako,
Chemutai

Voi, 9 Februari 2024

Chemutai mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, sijui dereva wa basi aliiweka wapi. Salimu dada yangu Wilkista, mwambie goti halitaki nyimbo, linataka kupakwa mafuta ya moto na kupumzishwa. Mimi niko na wanafunzi wangu hapa chuoni, wanachomelea mageti yaliyopinda. Vumbi limetuzidi. Mengine ni sawa.

Huo mchezo una sheria zake. Ya kwanza, chombo lazima kizuie maji. Huko kwenu mvua haina likizo, kwa hivyo usiniambie habari ya mkebe wa biskuti. Tafuta kipande cha bomba nene la plastiki, kirefu kama kiganja, chenye kifuniko cha kuzungusha. Paka grisi kwenye nyuzi za kifuniko. Ndani weka kikaratasi ambacho mgeni ataandika jina lake, na kitu kidogo cha kubadilishana, kwa sababu anayechukua huacha. Usisahau kale kapakiti ka kunyonya unyevu kanakokuja na viatu vipya.

Ya pili, kifanane na kitu cha pale pale. Tafuta gogo kavu, ulitoboe katikati, usukume bomba ndani, uliache limelala kando ya njia. Hakuna anayetazama gogo mara mbili.

Ya tatu, mwenye shamba lazima awe ametoa ruhusa. Hapo sijui utafanyaje.

Kuhusu huyo unayemtafuta, sina la kusema. Fanya kazi yako vizuri.

Mjomba wako,
Robert Ogari

Kapkatet, 3 Machi 2024

Mjomba,

Tunakusalimu sote, hata wale wasiojua kwamba nakuandikia. Muhula huu nafundisha watoto wa chekechea arobaini, na wote wana mafua. Ndama amezaliwa, jike, mweusi. Baba amefurahi, na ameanza kupimapima mahali pa banda. Nikimwona na kamba mkononi nageuza njia.

Gogo lako nililitengeneza. Nilitoboa wiki nzima kwa patasi ya kuazima, vidole vikatoka malengelenge. Nikalilaza vizuri kando ya njia ya mtoni. Mjomba, ulizaliwa Nyamira, si ulaya. Ni wapi huku umeona gogo kavu likilala chini? Halikumaliza hata asubuhi moja. Na unajua nani alilichukua? Mama yangu mwenyewe, na goti lake. Nimerudi kutoka shule nikakuta kichwa cha gogo kiko jikoni, na mwisho umeanza kushika moto, plastiki inanuka. Nililivuta nikasema nalihitaji kwa somo la watoto. Mama alinitazama, akatazama bomba lililoyeyuka, akasema tu, "Tafuta kuni zingine basi."

Ruhusa ya mwenye shamba usijali. Nitakueleza nikipata pa kuficha.

Nipe akili nyingine. Nikikaa bila kufanya kitu naona kama Desemba ni kesho.

Chemutai

Voi, 28 Machi 2024

Chemutai,

Salamu. Nimecheka mpaka wanafunzi wakaja kuangalia kama nimeumia. Kweli nimekaa mbali na kuni za nyumbani.

Basi tengeneza jiwe. Chukua kopo dogo, sugua nje kwa msasa ili simiti ishike. Changanya simiti na mchanga wa mtoni, paka kidogo kidogo, bonyezabonyeza kwa matambara ili lisiwe laini kama keki. Likikauka lipake maziwa ya mgando, kuvu itaota yenyewe. Jiwe haliliwi na moto.

Wilkista anaendeleaje? Baba yako bado anavaa lile koti?

Robert

Kapkatet, 21 Aprili 2024

Mjomba,

Mvua ndefu imeshika. Njia zote ni matope, nguo hazikauki, na mtu yeyote ukimuuliza habari anakwambia "ni hiyo mvua tu". Mama amepunguza kuimba. Baba bado anavaa lile koti, hata kwenye jua, na mkono hautoki mfukoni. Kwa nini umeuliza?

Jiwe lilitoka zuri, mimi mwenyewe nilipita nisilione. Nililiweka upande wa juu wa kituo cha majani, pale akina mama wanapopimia magunia. Unajua ule mteremko. Lori la majani lilikuja, limejaa, breki zake ni za maombi, na dereva akatafuta kitu cha kuwekea gurudumu. Mawe yote ya pale yako ndani ya matope. Langu ndilo lilikuwa juu, safi, saizi ya mkono. Niliona kwa macho yangu likiwekwa chini ya tairi, na mimi nimesimama na mwavuli. Nilikusanya vipande. Dereva akaniambia, "Mwalimu, hilo jiwe lilikuwa bandia," kama vile mimi ndiye nimemuuzia.

Sasa nimeelewa shida yetu. Huku hakuna kitu kinacholala bure. Ukiacha gogo ni kuni, ukiacha jiwe ni kabari, ukiacha hata mavi ya ng'ombe mtu ataokota apake ukuta. Kwenye nchi ya watu kama hao unafichaje kitu?

Baba ameagiza misumari ya mabati. Niambie haraka.

Chemutai

Voi, 19 Mei 2024

Chemutai mwanangu,

Pole na jiwe. Huku mvua imenyesha mara moja tukashangilia.

Nimefikiria maneno yako. Usifiche kitu kinachookotwa. Ficha kitu ambacho bado kinakua, kwa sababu mtu hachukui kilicho hai. Mchuma majani mikono yake inapita juu ya mti wa chai, macho yake yako juu. Chini kule kwenye mashina hakuna anayeinama mpaka mwaka wa kupogoa. Basi tengeneza shina. Bomba jembamba, upake gundi iliyochanganywa na unga wa mbao, halafu uvishe maganda ya matawi ya chai yaliyopogolewa zamani. Ulifunge katikati ya mashina mengine kwa waya, na waya uufunike kwa udongo. Kumbuka kuvu ya kijani huota upande wa mtoni tu. Ule upande wa barabarani mashina ni ya kijivu, yana madoa meupe. Ukichanganya pande, mtu anayejua chai atagundua.

Usinitumie picha kwa simu.

Robert

Kapkatet, 30 Juni 2024

Mjomba,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, nyumba nzima wazima, ndama ameanza kula nyasi. Mvua ya mawe ilipita Jumatano ikachana majani yote ya upande wa juu, Baba alikaa kwenye kibaraza akitazama.

Nimelitengeneza. Maganda nilibandika moja moja jioni, mlango umefungwa, nikisema nasahihisha vitabu. Mara tatu nilibandua nikaanza upya. Nimeweka ndani kikaratasi cha majina, na ile kengele ndogo ambayo Chifu alikuwa anavaa akiwa mtoto, ambayo Kiptum aliinunua sokoni Sigowet kwa pesa za kuku wake. Wakaguzi wa mchezo wamekubali, liko kwenye ramani. Jina lake ni "Punda Anaitwa Chifu". Mtu mwingine akilisoma atafikiri ni utani.

Sasa ruhusa. Unakumbuka Baba alimpa kila mtoto mstari wake wa chai, apande kwa mkono wake? Ule wa Kiptum ni wa mwisho, unaopakana na njia ya mtoni. Tangu aondoke Baba amekataa uchumwe. Umeota mpaka umekuwa miti, majirani wanapita wakitikisa vichwa. Mtu alipomuuliza, Baba alijibu vile vile, "Hauna mwenyewe." Kama hauna mwenyewe, nitaomba ruhusa kwa nani? Nimelifunga kwenye mti wa saba kutoka njiani.

Lakini kuna kitu kimenisumbua. Niliingia huko chini nikitarajia magugu ya kiuno, nikakuta kumepaliliwa, udongo mweusi, mtu amepita kwa magoti. Sijui ni nani. Labda ni Mama, lakini hilo goti lingeinamaje?

Na kingine, Mjomba. Mama anasema wewe ulikimbia kuchuma chai tangu utotoni, hujawahi hata kuinama chini ya mti mmoja. Nani amekwambia kwamba huku kuvu huota upande wa mtoni?

Chemutai

Kapkatet, 11 Agosti 2024

Mjomba,

Hujajibu. Nikupe pole kama unaumwa. Kama hauumwi, basi umeniudhi.

Mtu amelipata shina. Si yeye. Ni wazungu wawili waliokuwa wanatembea kutoka Kericho na mabegi, wameandika majina yao, wameacha sarafu ya kwao. Walinikuta njiani wakaniuliza kwa nini mstari huu umeachwa uwe msitu. Nilisema ni wa ndugu yangu, amesafiri. Ndiyo mara ya kwanza kumtaja kwa sauti mbele ya watu tangu aende, nikajikuta nalia mbele ya wageni wenye kofia.

Kila siku nikitoka shule napita pale. Naingiza mkono, nazungusha kifuniko, naitikisa kengele. Nimekuwa kama mtu mwenye deni. Baba amenunua mbao za banda.

Niandikie.

Chemutai

Voi, 15 Septemba 2024

Chemutai mwanangu,

Siumwi. Kulikuwa na mitihani.

Kuhusu kuvu, mtu akiishi miaka mingi anasikia mambo mengi. Usiniulize tena.

Nikuulize mimi. Ile kufuli bado iko mlangoni? Baba yako akipita pale huwa anaitazama, ama hupita tu? Na Wilkista, siku ile alipofutwa kazi na baadaye kijana akaajiriwa, alisema nini yeye mwenyewe? Nimesikia ya Baba yako tu. Kuna mtu anaweza kuwa anaogopa kwamba Mama yake ndiye hajamsamehe. Nasema "mtu". Inaweza kuwa mtu yeyote.

Na usiende pale kila siku. Unachimba njia kwenye nyasi, mtu ataifuata.

Robert

Kapkatet, 29 Septemba 2024

Mjomba,

Leo salamu ni fupi, kwa sababu nina hasira na sitaki kuharibu karatasi. Wote wazima.

Nilimuuliza Mama. Tulikuwa tunachambua mboga. Alitupa mabua pembeni, halafu akasema, "Siku aliponiambia ameajiriwa, nilifurahi. Nilisema angalau mmoja wetu amebaki kwenye chai. Baba yako hakuniuliza." Kisha akaendelea na mboga zake. Miaka miwili, Mjomba, na hakuna aliyemuuliza, na mimi nikiwemo.

Basi mwambie huyo mtu yeyote. Mwambie maneno hayo kama yalivyo, usiongeze chumvi. Na mwambie kwamba mimi dada yake nimechoka kutikisa kengele ya punda kichakani.

Chemutai

Kapkatet, 20 Oktoba 2024

Mjomba,

Kaa chini kwanza.

Nilikutii, sikwenda pale wiki mbili. Jana nikaenda. Palikuwa pamepaliliwa tena, upya. Nikaingiza mkono, nikazungusha kifuniko. Grisi ilikuwa mpya, si ile yangu nyeusi, ni ile ya njano ya baiskeli ya Baba. Nikageuza chombo. Kengele ikaanguka, na nyuma yake ufunguo, wenye uzi mwekundu ule ule.

Ufunguo wa nyumba ya Kiptum, Mjomba.

Nilikaa chini kwenye matope na sketi ya shule. Nilijiona fundi, nimemficha Baba kitu, na Baba alipanda shamba hili lote, mti kwa mti. Mti wenye mashina matano ukionyesha sita, unafikiri nani ataona kwanza? Amelikuta shina, amelifungua, ameitambua kengele. Sijui ni lini. Pengine ni tangu Juni. Na yule anayepalilia kwa magoti ni yeye, mzee mwenye kiburi kama dume, anatambaa chini ya chai aliyosema haina mwenyewe. Nilitengeneza kitu cha kumtafuta Kiptum, kikampata Baba.

Jioni alikuwa amekaa na koti lake, mkono mfukoni kama kawaida. Mfuko mtupu. Akaniuliza kama huko shule kuna mafua. Nikamwambia yamepungua.

Ufunguo nimeurudisha ndani, sikuthubutu kuuondoa. Yeye mwenyewe hawezi kutamka, unamjua. Mbao za banda ziko nje zinanyeshewa, na Desemba inakuja. Ikifika bila mtu, ataona aibu ya kile alichofanya na ataivunja ile nyumba kwa mkono wake mwenyewe, ili ionekane hakuwa amelegea.

Sikuulizi tena nani alikwambia habari ya kuvu. Msomee tu barua hii.

Chemutai

Voi, 27 Novemba 2024

Chemutai mwanangu,

Nilimpa barua yako asome mwenyewe. Alikwenda nayo nyuma ya karakana akakaa huko mpaka nikafunga.

Aliniapisha, mwanangu. Alikuja kwangu wiki ile ile aliyofukuzwa, akasema nikimtaja atahama nisimwone tena. Nilichagua kukaa naye na kukudanganya. Nilidhani ni afadhali awe mahali ninapomwona.

Kitanda cha pili hapa kwangu hakina mtu tangu jana. Amebeba ile koleo ndogo niliyompa na nguo mbili. Hakusema anakwenda wapi, na mimi sikumuuliza.

Robert

Kapkatet, 1 Desemba 2024

Mjomba,

Bado nimekukasirikia, na nitakukasirikia mpaka Pasaka, kwa hivyo jiandae. Mama naye anasema ukija usilete zawadi, ulete maelezo. Lakini nakusalimu.

Alifika Ijumaa, asubuhi ya ukungu. Hakupita getini. Nilikuwa nakama ng'ombe, nikasikia Chifu akilia kule mtoni kama mtu aliyeona mjomba wake, nikajua. Sikutoka. Nilikaa pale na ndoo mpaka maziwa yakapoa. Baadaye nikatazama, kufuli ilikuwa inaning'inia wazi, na mlango wa nyumba yake umeegemezwa.

Mama aliona dirishani. Alijifunga leso, akafungua leso, akajifunga tena. Baba alikuwa mezani. Alikunywa chai yake polepole mpaka mwisho, akafuta mdomo, akaniambia bila kuniangalia:

"Mpelekee Kiptum chai. Umwambie mstari wake umekuwa msitu. Panga iko mahali pake."

Mama ndiye alinyang'anya kikombe mkononi mwangu akakipeleka mwenyewe, mbio, na goti lake.

Baba na Kiptum wanapogoa tangu jana, mmoja huku na mwingine kule, wanakata tu. Mbao za banda Baba amesema zitakaa mahali pengine, ndama atavumilia. Leo walifika mti wa saba. Kiptum aliinama, akashika lile shina langu, akauliza kama aling'oe, maana halizai kitu.

Baba alipitisha kidole kwenye ganda lake.

"Acha," akasema. "Hilo limeshika."

Mpwa wako,
Chemutai